Rimu za Baba Zilivyonifuata Masama

Sehemu ya Saba

Jumamosi iliyopita niliishia pale nilipowasha gari uani kwetu Kilema. Mjomba Aristides alikuwa mbele na fimbo yake. Shangazi Kornelia alikuwa nyuma, kakumbatia mapipa mawili ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na chini yetu kulikuwa na tairi nne mpya, pana kiasi kwamba mtoto angeweza kulala juu ya moja bila kuanguka. Nikawaambia kwa kiburi changu chote kwamba safari hii tunafika.

Kwa anayeanza kunisoma leo: naitwa Valerian, na natafuta mke. Si kwamba sijampata. Nimempata, anaitwa Kindness, ni afisa mifugo, binti wa Mzee Eliona wa Masama. Shida yangu ni kufika kwao.

Mara ya kwanza tulipopeleka mbege ya posa, mjomba alishikwa na tumbo tukageuzia Bomang'ombe. Mara ya pili tulipata pancha mbili, tukafika saa kumi jioni. Mbege imeshakuwa kali, wazee wameshakwenda kukata majani ya ng'ombe. Mzee Eliona akatuma ujumbe mfupi tu.

"Mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Wazee wangu watakaa mpaka saa saba mchana. Ikipita hapo, kila mtu akalime kwake."

Sasa mtu mwenye akili, baada ya pancha mbili, angefanya nini? Angenunua tairi mpya za kipimo kilekile. Kilichokuwa kimeisha ni mpira, si kipimo. Lakini siku ile ya aibu kaka zake Kindness walisimama uani wakaiangalia Land Cruiser ya marehemu baba, na mmoja wao akasema, "Gari gani hii ina miguu ya mbuzi?"

Wakacheka. Na Kindness, msomaji, Kindness naye akatabasamu.

Tabasamu lile lilinikaa rohoni kama mwiba wa samaki. Nikaapa kwamba hawatanicheka tena.

Gari ile baba, Wenseslaus, aliivalisha 7.50-16 maisha yake yote. Tairi ndefu, nyembamba, kwenye rimu za chuma alizozipaka rangi ya buluu kwa mkono wake, na kwenye kila rimu akaandika herufi W kwa rangi nyeupe. Fundi Wilson wa Moshi alinieleza mapema, wala sikumuuliza.

"Vale, usije ukadanganywa na upana. Barabara za kwenu juu ni utelezi juu ya ardhi ngumu. Tairi nyembamba inakata tope mpaka inaikanyaga ardhi. Pana inaelea. Tafuta 7.50 mpya, weka, nenda."

"Na muonekano?"

"Muonekano wa nini? Unaoa wewe au inaoa gari?"

Nikamwona mshamba. Nikaenda Himo kwa Godwin.

Godwin anauza kila kitu: rimu, injini, mbuzi, mahindi, simu zilizotumika. Mdomo wake una asali. Alinionyesha tairi nne zilizosimama ukutani, thelathini na tano kwa kumi na mbili na nusu, rimu ya kumi na tano inayong'aa.

"Namba ya kwanza urefu, ya pili upana, ya mwisho rimu. Yote inchi," akaniambia. "Ukishuka na hizi kwa wakwe, kaka, watatandika vitenge."

"Zitaingia kwenye gari yangu?"

"Matundu yako sita, rimu zangu matundu sita. Tatizo liko wapi?"

Sikuuliza kama zitagusa bodi nikikata kona. Sikuuliza kama injini ya baba itaweza kuzungusha magurudumu makubwa kiasi kile mlimani. Niliuliza kama zipo za maandishi meupe.

Godwin akachukua rimu za baba na tairi zake. Akasema hazitoshi, niongeze kitu. Na hapa, msomaji, ndipo ninapoomba usinifungie kitabu usoni. Nilimwongezea mtamba.

Si mtamba wa kuokota. Ni Malaika, ndama wa ng'ombe wa mama yangu Mektrida, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Mjomba Aristides ndiye aliyemvuta kwa mikono yake siku anazaliwa, maana alikuja kwa kutanguliza miguu ya nyuma. Mama alimlea miaka miwili kwa ajili ya siku hii tu, aende kwa mama yake Kindness pamoja na mbege. Nikamwambia mama kwamba nimemtanguliza kwa rafiki karibu na Masama, apumzike, asifike amechoka. Mama akanibariki.

Na Kindness aliponipigia simu kuuliza zile rimu za baba nimezipeleka wapi, nikamjibu, "Ziko stoo, nimezifunika na majani ya migomba."

"Zitunze, Vale," akaniambia. "Iko siku tutawaonyesha watoto wetu maandishi ya babu yao."

Basi. Sasa mnajua nilichopakia kwenye gari asubuhi ile, kabla hata ya mbege.

Kutoka Kilema mpaka Moshi tulikwenda kama mabwana. Watu wa bodaboda waligeuza shingo. Mjomba hakugeuza shingo.

"Mbona inanguruma hivi?" akauliza.

"Ni tairi, mjomba. Kwenye lami zinaongea."

"Zinasema nini?"

Nikakanyaga mafuta.

Tulipopita Bomang'ombe akauliza tena. "Na mtamba tunamchukulia wapi?"

"Ataletwa na gari ya mifugo, mjomba. Tutamkuta huko."

Akanitazama. Mjomba akikutazama hivyo unakumbuka dhambi zako mpaka za darasa la pili. Akarudisha macho barabarani.

Tulipoiacha lami, mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Masika ya mwaka huu hayakuwa na huruma. Barabara ilikuwa tope jekundu, na katikati magari ya maziwa yalikuwa yameacha mifereji miwili myembamba, imekaa sawasawa kama reli. Gari ya baba ingeingia humo na kupanda bila wasiwasi. Tairi zangu zilikuwa pana kuliko mifereji. Zilikaa juu yake kama mtu mnene kwenye kiti cha mtoto wa chekechea.

"Ingiza kwenye njia," mjomba akasema.

"Haziingii."

"Haziingii vipi? Njia ni ya magari."

Tukaanza kwenda upande. Nakanyaga mafuta mbele, gari inaenda kushoto. Nikapunguza upepo kwenye tairi kama nilivyoona kwenye video za simu. Tukaenda kushoto polepole zaidi. Klachi ikaanza kunuka, kwa sababu injini ya baba ilikuwa inasukuma magurudumu ambayo hayakuwa saizi yake, na mlimani gia ya kwanza ilikuwa nzito kama ya pili.

Kisha ikaja kona.

Ni kona ya kulia, kali, na upande wa chini kuna mtaro. Nilikata usukani mpaka mwisho na haukufika mwisho. Tairi iliikamata bodi, ikalia krrr, ikakataa. Ilinibidi nirudi nyuma ndipo nikate upya, na kurudi nyuma kwenye tope lile ni kumuaga dereva aliyekuwa ndani yako. Gari ikateleza, taratibu kabisa, kwa heshima, ikajilaza kwenye mtaro.

Nyuma nikasikia "Yesu na Maria!" halafu sauti ya maji mengi.

Mbege, kama mjuavyo, haifungwi mfuniko ikakazwa. Inapumua. Shangazi alikuwa ameiziba kwa jani la mgomba tu, kama inavyotakiwa. Pipa moja likalala, na nusu yake ikamwagika kwenye kitenge chake kipya.

"Valerian!" akapiga kelele. "Nimeoga mahari yako!"

Niliposhuka, tope likanifika kwenye vifundo vya miguu. Ilikuwa saa tano na nusu. Nilizunguka gari mara mbili nikiipiga mateke tairi moja baada ya nyingine, na kila teke liliniumiza mimi. Nilitamani kulia kwa hasira. Nina miaka thelathini na mbili, nina leseni daraja la juu, nimezaliwa kwenye mlima huu, halafu nimeshindwa kupanda mlima huu.

Mjomba akateremsha kioo. "Wale vijana walisema gari ya baba yako ina miguu ya nini?"

"Ya mbuzi, mjomba."

"Na mbuzi anafanya kazi gani mlimani?"

Nikainama kuokota jiwe la kuzuia gurudumu.

"Anapanda," akajijibu mwenyewe, akapandisha kioo.

Tulihangaika na mawe na migomba iliyoanguka kwa dakika ishirini. Ndipo nikasikia injini inakuja kutoka chini. Haikulia kwa nguvu. Ilikuwa inapanda kwa gia moja, taratibu, kama mtu anayekwenda kanisani akijua bado ana muda.

Ilikuwa pikapu ya Land Cruiser, nyeupe, kuukuu, ya kukusanya maziwa. Nyuma imefunikwa turubai, na mabingobingo mabichi, majani ya kulishia ng'ombe, yamechungulia pembeni. Magurudumu yake yalikuwa ndani ya mifereji miwili, hayatelezi hata kidole.

Nikayatazama magurudumu yale. Nikatazama tena.

Rimu zilikuwa za buluu. Na kwenye kila moja, kwa rangi nyeupe, kulikuwa na herufi W.

Nikashika mlango wa gari. Pikapu ikasimama, na aliyeshuka upande wa dereva, kavaa buti za mvua na koti la kanisani juu yake, alikuwa Mzee Eliona.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Kumbe ni nyie wakwe zangu mmelala hapa?"

Mjomba akashuka upesi, wakasalimiana kwa kushikana mikono miwili miwili, wakaulizana habari za mvua na kahawa kama vile hakuna gari mtaroni. Wazee wa kwetu wana adabu hiyo. Inaua.

"Nilidhani nitawahi kabla yenu," Mzee Eliona akasema. "Nimetoka Himo tangu alfajiri. Kuna bwana pale alinipigia kwamba ana kitu kizuri. Nikasema wageni wangu wasikute zizi limepwaya."

Himo. Jasho jembamba likanishuka mgongoni, na mvua yenyewe ilikuwa inanyesha.

Akaiona namna ninavyotazama magurudumu yake. "Eh, umezipenda? Nilizichukua kwa bwana huyohuyo wiki mbili zilizopita. Mpira ulikuwa umekwisha, nikavalisha mipya, kipimo kilekile, 7.50-16. Aliyezitoa hizi kwenye gari yake, sijui alikuwa anaumwa nini."

Shangazi Kornelia akakohoa. Mjomba hakukohoa. Alikuwa ameinama kwenye gurudumu la mbele la pikapu, anaifuta ile W kwa kidole gumba, polepole, mpaka ikawa nyeupe kabisa. Baba na mjomba walikuwa marafiki kabla hawajawa shemeji.

"Nitawavuta," Mzee Eliona akasema. "Kamba ninayo."

"Hapana, baba Kindness," mjomba akajibu, bado ameinama. "Hatuwezi kuvutwa na mwenye binti kwenda kuposa. Tutaonekana ni sisi tumekuja kuposwa."

Mzee Eliona akacheka, akafikiri. "Kweli. Basi tufanye hivi. Gari zetu zote ni matundu sita. Tuvue hizi zangu tumvalishe kijana. Pikapu yangu ikae hapa na hivi viatu vya harusi. Mimi napanda na nyie kama abiria. Saa sita bado haijafika, tutawahi."

Msomaji, elewa mzee huyu alikuwa ananifanyia nini. Alikuwa anaiacha gari yake kwenye tope ili mimi nifike kwake kama mwanaume. Nilitaka ardhi ipasuke.

"Subiri kwanza, baba," sauti ya kike ikatoka ndani ya pikapu.

Mlango wa pili wa pikapu ulifunguliwa. Kindness akashuka. Alikuwa na buti za kazini na koti la mvua. Yeye ndiye huenda na baba yake kila anapokwenda kukagua mifugo.

Hakunisalimia. Alimsalimia mjomba, akamsalimia shangazi, akaja akasimama mbele yangu.

"Vale. Rimu za baba yako ziko wapi?"

Ningeweza kusema. Hapo hapo. Badala yake nikageuza macho kwenye mtaro.

"Nimekuuliza kwa sababu nimekaa juu ya hizi kwa wiki mbili," akasema. "Mara ya kwanza nilipoiona W nilishtuka. Nikakupigia. Ukaniambia ziko stoo, umezifunika na majani ya migomba. Nikamwambia baba, basi ni W ya mtu mwingine. Nikakutetea, Vale. Kwa baba yangu mwenyewe nikakutetea."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye kona ile.

"Ni zenyewe," nikasema. "Niliziuza."

Mzee Eliona alivua kofia, akaipangusa maji, akaivaa tena. Shangazi akaanza kulia kwa sauti ndogo, na sijui kama ilikuwa kwa ajili yangu, ya baba, au ya kitenge.

Pembeni ya barabara, kwenye mpaka wa kihamba, shamba la migomba la watu, kulikuwa na masale yamepandwa mstari. Kwetu Uchagani hakuna kosa lisiloombewa kwa jani la sale. Ukilipiga fundo ukampelekea uliyemkosea, hata kama umemuumiza namna gani, anaona haya kulikataa. Nikachuma moja. Fundo likanishinda mara mbili.

Nikampelekea Mzee Eliona kwa mikono miwili. Akaweka mikono yake nyuma.

"Siyo mimi uliyenidanganya," akasema. "Mimi nilizilipia. Mpe huyo."

Nikageuka. Nikapiga magoti kwenye tope na suruali yangu ya posa.

"Kindness, nisamehe. Nilisikia kaka zako wakinicheka. Na wewe ulitabasamu."

"Nilitabasamu kwa sababu mbuzi anapanda!" Akanyoosha kidole kwenye zile rimu. "Niliipenda gari ile. Nilikuwa nataka niondoke kwetu kwa gari ile. Wewe ulikwenda kujinunulia kicheko cha kaka zangu."

Akafuta uso kwa mkono wa koti. Mjomba akatazama saa. Ilikuwa saa sita na dakika kumi, na pipa lililobaki lilikuwa linatoa povu.

"Nitalipokea hili sale," Kindness akasema mwishowe. "Tutabadilisha magurudumu, tutakwenda, na hakuna mtu atakayelisema jambo hili kule juu. Lakini nataka jibu moja. Hapa, mbele ya baba na mbele ya mjomba wako. Kuna kitu kingine ulichokitoa kwa yule mtu wa Himo? Chochote?"

Mlango ulikuwa wazi, msomaji. Mkubwa kuliko kanisa la Kilema. Nilichotakiwa ni kuingia tu.

Lakini mjomba alikuwa amesimama pale, mkono juu ya herufi ya baba. Nikamfikiria mama Mektrida nyumbani, akiamini kwamba Malaika anapokelewa kwa wakwe saa hii. Nikafikiri, nitamkomboa Jumatatu. Nitakwenda Himo nimrudishe, na hakuna atakayejua.

"Hakuna," nikasema. "Nakuapia, Kindness. Hakuna kingine."

Akanitazama machoni. Kisha akanyoosha mkono, akalishika jani.

Na sauti yangu, ile sauti niliyomwitia majani asubuhi zote kwa miaka miwili, ilikuwa imesikika vizuri mpaka ndani ya pikapu. Chini ya turubai kitu kilijisogeza. Mabingobingo yakatikisika.

Ng'ombe akalia, mara moja, kwa kuita.

Mjomba Aristides akainua kichwa kutoka kwenye gurudumu. Akatembea mpaka nyuma ya pikapu, akainua pembe ya turubai, akachungulia.

"Malaika?" akasema.

Ng'ombe akaitika.

Mkono wa Kindness ulikuwa bado umeshika jani la sale upande mmoja, na wangu upande wa pili, na hakuna aliyekuwa anavuta.